Wanangu Mnaokuja Unguja Desemba na Wenzi Wenu, Semeni Mapema

Kwa wanangu mnaoishi Uswidi, Denmark, Ujerumani, Uingereza na kwengineko kwenye baridi,

Asalaam aleikum. Nakuandikieni mimi mama yenu, niliyezaliwa na kukulia Mji Mkongwe, ambaye kila ikikaribia Desemba husikia katika nyumba za jirani na katika nyumba yangu mwenyewe habari ile ile: mtoto anakuja kutoka Ulaya, na safari hii haji peke yake. Godoro huanikwa juani, chandarua hufuliwa, mtu hutumwa Darajani kuulizia bei ya nguru, na kwa wiki mbili au tatu nyumba nzima hukaa ikimsubiri mtu ambaye wengi wetu tumemwona kwenye simu tu. Nakuandikieni nyinyi mnaomleta, wala siwaandikii wenzi wenu, kwa sababu kila ziara niliyoishuhudia ikiharibika iliharibika kwa jambo ambalo mtoto wetu alilijua na hakulisema.

Nitaanza na la kwangu. Kijana wangu mkubwa alimleta mkewe kwa mara ya kwanza katikati ya Desemba 1999, na mwaka huo Ramadhani ilikuwa imeangukia Desemba hiyo hiyo. Siku ya pili baada ya kufika, yapata saa tano asubuhi, mume akiwa bado amelala, binti yule alitoka na gauni lake fupi la nyumbani akakaa kwenye baraza ya mbele, inayotazama njia, akaanza kumenya embe boribo kwa kisu kidogo. Aliimenya vizuri, ganda likatoka kwa utepe mmoja, na maji ya embe yakawa yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Watoto waliokuwa wanatoka chuoni na misahafu yao wakasimama kumtazama, mmoja akasema kwa sauti, "Anakula mchana!" Dada yangu, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, akafunga dirisha. Hakulifunga kwa kishindo, lakini mkwe wangu aliliona likifungwa, akaelewa kuwa limefungwa kwa ajili yake. Aliingia ndani na embe lake mkononi, hajui pa kuliweka, akalia.

Nilimwamsha mwanangu nikamuuliza, "Hukumwambia?" Akanijibu, "Nilidhani ataona mwenyewe."

Maneno hayo nimeyasikia tena katika nyumba nyingi tangu siku ile, kila mmoja akiyasema kwa namna yake. Mtu hawezi kuona mwenyewe jambo ambalo hajui kuwa lipo. Mimi pia nilikosa, kwani nilijua kuwa anakuja mgeni asiyefunga na sikumuuliza mwanangu ataweza kula wapi mchana, wala sikumpigia dada yangu kumwambia awe na subira. Mchana ule nilimtengea mkwe wangu chakula katika chumba cha ndani, na alasiri nikamkalisha jikoni, nikampa mbuzi ya kukunia na nazi mbili. Ya kwanza aliikuna na kifuu pamoja. Kufika kumi la mwisho la Ramadhani alikuwa anakamua tui kwa kifumbu bila kuelekezwa, na ikifika magharibi yeye ndiye aliyekuwa anapeleka sinia ya futari kwa dada yangu, ambaye alimfungulia mlango. Mwishoni mwa Desemba 2030 Ramadhani itaanza tena kuingia katika likizo zenu, na nakuombeni wenye watoto wadogo sasa hivi mlikumbuke hilo kabla ya kukata tiketi.

Lakini hata pasipo Ramadhani, yako mengi ya kusema. Mwenzako anatoka mahali ambapo mwezi huo, kwa wale walio Stockholm, jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, na amefanya kazi mwaka mzima akizihesabu siku zake chache za likizo. Moyoni mwake anakuja kupumzika, kuoga bahari na kulala mchana. Sisi tunamsubiri mtoto wetu ambaye pengine hatujamwona miaka mitatu, na tunataka kumlisha, kumpeleka kwa babu yake Makunduchi, kumwonyesha kaburi la nyanya yake, kukaa naye ukumbini hadi usiku. Haja zote mbili ni za haki, na hazitimii pamoja ndani ya siku kumi na nne isipokuwa pawe na mtu wa kuzigawa. Mtu huyo ni wewe, kwa sababu ndiye pekee katika nyumba ile anayejua lugha mbili na nyumba mbili.

Kwa hiyo semeni mapema mtalala wapi na kwa siku ngapi. Wapo wanaofikia moja kwa moja hotelini Nungwi au Paje, wakaja nyumbani siku moja kwa chakula cha mchana, wakaondoka kabla ya alasiri kwa kuwa gari linawasubiri. Mama aliyeanza kupika biriani tangu alfajiri hubaki na masufuria yake, na majirani wakimuuliza wageni wako wapi huwa hana la kujibu. Wapo pia wanaomfungia mwenzao nyumbani wiki tatu nzima bila saa moja ya faragha, akawa kila akifungua mlango wa chumba anakuta watu kumi wamekaa wakimtazama kwa mapenzi makubwa, naye akachoka hadi akaanza kutuogopa. Ushauri wangu ni mfikie nyumbani kwanza, mkae si chini ya siku tano, kisha mwende pwani siku zenu tatu au nne bila kuficha wala kuomba radhi, kisha mrudi. Ukinambia mwezi mmoja kabla kwamba tarehe fulani hadi fulani mtakuwa Jambiani kupumzika, nitakufungieni maandazi ya njiani. Nikija kuisikia habari hiyo kwa dereva wa teksi, nitaumia.

La chumba nalo lisemwe wazi, ingawa najua linakutieni haya. Kama mmefunga ndoa, tuambieni mmeifunga wapi na lini, hata kama ilikuwa ya serikali tu, ili wazee wajue la kufanya. Kama hamjafunga, msituletee uongo. Katika nyumba yangu mchumba hulala chumba kimoja na mawifi zake au mashemeji zake, naye hupewa kitanda kizuri kuliko vyote, na sijawahi kumwona aliyekasirika kwa sababu hiyo pale alipoelezwa kabla ya kupanda ndege. Waliokasirika ni wale waliofika na mabegi saa sita usiku, wakayajulia mlangoni.

Mwelezeni na hali ya hewa ilivyo kweli. Desemba kwetu kaskazi linaanza kushika, mvua za vuli huenda hazijamaliza, na joto huwa la jasho, si lile joto kavu la kwenye picha. Mtu mwenye ngozi isiyozoea jua la kwetu akikaa pwani saa sita mchana bila kujifunika, jioni atakuwa na homa ya kuungua. Mpeni chandarua na amwone daktari wa huko kwenu kuhusu dawa za kujikinga na malaria, kwani kupungua kwa malaria hapa Unguja hakumaanishi kuwa imekwisha. Siku mbili za mwanzo muacheni alale, hasa baada ya chakula cha mchana, na wala msianze kumzungusha kwa jamaa.

Huko kuzungushwa kwa jamaa ndiko kunakowashinda wengi, nami nakusihini mkupange kwa huruma. Bububu, Mwera, Kiembesamaki, halafu shangazi wa Makunduchi ambaye hataki kusikia kuwa mmeshiba, yote kwa siku moja, ni mateso kwa mtu ambaye kila nyumba anatajiwa majina kumi na tano na kupewa sahani ya pilau iliyojaa. Nyumba mbili kwa siku zinatosha. Mfundisheni neno "nimeshiba" na mumwambie kwamba akionja matonge mawili kwa mkono wa kulia akasifu, amekwisha kula. Na nyinyi mtangulie kupiga simu kwa shangazi kumwomba asiandae zaidi ya chai na mkate wa kumimina. Mfundisheni na "shikamoo", aisemee kila mkubwa wake, na mumweleze kuwa bibi akimshika mkono kwa muda mrefu bila kusema kitu, hapo ndipo anapozungumza naye. Awe na kanga mbili. Asipige picha za watu bila ruhusa, hasa wanawake wakiwa nyumbani na vichwa wazi, na asiweke sura za watoto wetu kwenye mitandao.

Ufukweni nako ana haki ya kuambiwa kuwa bahari si hotuba ya wakala wa safari. Upande wa mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, maji hupwa mara mbili kwa siku yakaenda mbali hadi karibu na mwamba, na mtu aliyekuja kuogelea akakuta mchanga mtupu hudhani amedanganywa. Wakati huo huo, hasa siku za bamvua, maji yanapopwa sana, wanawake wa vijiji hivyo huwa wamo majini hadi magotini wakifunga mwani kwenye kamba zao, kazi waliyoishika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kamba zile ni shamba la mtu, kwa hiyo mwenzako azipitie kando. Mkimwendea mmoja wao mkamsalimia kwa heshima, atakuonyesheni jinsi fundo linavyofungwa, na mwenzako atarudi Ulaya na jambo ambalo hotelini halipatikani.

Sasa fedha, maana kuikwepa kumeharibu udugu mwingi. Mwenzako ajue kabla ya kuja kwamba ataombwa: simu, ada ya shule, nauli, mtaji. Anayeomba si mwizi, na anayekataa si mchoyo, lakini asijibu yeye. Ajibu mwenye ndugu, yaani wewe, na ujibu kwa neno linaloeleweka, kwani "Inshallah" yako wewe unaikusudia kuwa hapana ya adabu, binamu yako anaihesabu kuwa ni ahadi, na mkeo anadhani imekwisha kulipwa. Upande wa nyumba nako, mjue kwamba ujio wenu una gharama ambayo mama zenu hawatakutajieni. Mchele, mafuta, samaki wa kila siku, na umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla, unaokwisha haraka pale feni inapozunguka mchana kutwa. Najua nyumba iliyokopa duka zima ili mgeni asione upungufu, na deni lililipwa hadi masika. Pelekeni fedha ya matumizi wiki moja kabla, kwa mkono wa yule anayepika, kimya kimya. Usimkabidhi mama yako noti mbele ya mwenzako au mbele ya watu, kwani atazirudisha, na jioni atakwenda kukopa.

Na kwa kuwa nimetaja gharama, kumbukeni kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje ya nchi anaingia Zanzibar kwa bima ya lazima ya dola 44, mbali na viza, na wengi wenu mliochukua uraia wa huko ni wageni kwa pasipoti, kwa kuwa sheria ya Tanzania haiwaruhusu watu wazima kuwa na uraia wa nchi mbili. Shughulikieni hayo mkiwa huko huko.

Liko jambo moja ambalo sisi wenyeji tunalisahau, na nataka mtusaidie kulikumbuka. Wenzi wenu wengi, wanapokuja kwetu Desemba, wameacha Krismasi kwa mama zao. Kwetu siku ile ni sikukuu ya serikali, ofisi hufungwa, lakini katika nyumba nyingi ni siku kama siku nyingine, na mgeni huamka asubuhi ya tarehe 25 akakuta watu wanakunywa chai na boflo, hakuna aliyemtajia kitu. Mwulizeni mapema kama angependa kwenda kanisani. Liko la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na liko la Minara Miwili, na yote mawili hufikika kwa miguu kutoka Darajani. Msindikizeni hadi mlangoni, mumsubiri. Mwacheni ampigie mama yake simu kwa utulivu, chumbani, bila ya watoto kumpandia mapajani. Mama yule amekaa mezani na kiti kitupu ili sisi tujaliwe mgeni, na mimi mwenye mtoto mbali najua kiti hicho kinavyotazamwa. Mwaka ule wa 1999 nilimwomba mwanangu anipigie simu kwa mama wa mkwe wangu, nikamsalimia kwa maneno machache ambayo mwanangu aliyatafsiri, nikamwambia binti yake anakula vizuri. Hakusema mengi, ila aliuliza jina langu mara mbili ili alishike.

Jambo la mwisho ni siku ya kuondoka. Msipange siku zenu za pwani ziwe za mwisho, mkatoka hotelini moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Usiku wa kuamkia safari mlale nyumbani, mabegi yafungwe mbele yetu, tupate kuyatia achari ya embe, viungo na karafuu, na mwenzako awekwe karibu na mama kwa chakula cha usiku. Kama ndege ni ya alfajiri, sisi tutakuwa macho. Niandikieni basi kabla ya mwezi huu kwisha: mnafika tarehe ngapi, ni wangapi, mwenzako anaitwaje kwa jina analopenda kuitwa, na kuna chakula gani asichokula.

Mama yenu,
Mji Mkongwe, Unguja