Baba, hela hiyo itahitajika lini?

Baba na Mama, shikamooni. Kaka, shikamoo. Mdogo wangu, hujambo?

Juzi kwenye simu mlinizungumzisha watu watatu kwa mpigo. Baba anauliza afanyie nini kiinua mgongo kitakachoingia mwezi ujao, Kaka yuko kwenye mkopo wake, na kitindamimba wetu kapokea mshahara wa kwanza. Simu ikakatika sijajibu hata mmoja. Nimeona niandike, kwa sababu maneno ya hela ni vizuri mtu ayasome, ayaache, kisha ayarudie akiwa ametulia.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kuwasimulia. Kwa miaka minne nilikuwa nanunua hisa, yaani vipande vya umiliki wa kampuni, kila mwezi kupitia mfuko wa pamoja, ambako watu wengi huchanga hela na msimamizi huwanunulia, na akiba yangu yote ilikuwa humo. Februari 19, 2020, soko la hisa la Marekani lilikuwa kileleni. Ilipofika Machi 23, kipimo chake, kinachofuata bei za hisa za kampuni kubwa kama 500, kiitwacho S&P 500 kilikuwa kimeporomoka kwa takriban asilimia 34. Katikati ya anguko hilo kazini wakatusimamisha bila malipo, na kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Saa nane za usiku nilikuwa nimekaa kitandani, simu mkononi, kidole kikielea juu ya neno “uza”. Nikabonyeza. Niliuza karibu vyote, kwa bei ya chini kabisa niliyowahi kuiona. Agosti mwaka uleule kipimo kikarudi kwenye kilele kile cha Februari, mimi sina changu humo.

Kwa muda mrefu nililaumu soko. Lakini soko hupanda na kushuka, ndiyo kazi yake tangu zamani. Kosa ni kwamba hela ya kodi ya mwezi ujao na hela ya uzee wangu nilikuwa nimeziweka mahali pamoja. Ya uzee ingeweza kusubiri hadi Agosti, hata miaka kumi. Ya kodi haikuweza kusubiri wiki mbili. Tangu hapo, mtu akiniuliza awekeze wapi, mimi humuuliza kwanza: hela hiyo itahitajika lini? Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia, kila mmoja kwa umri wake.

Mdogo wangu, wewe una muda kuliko sisi sote, na muda hauuzwi popote. Nilikaa na kikokotoo nikakufanyia hesabu. Chukua fungu moja, liwe kubwa au dogo, uliweke kila mwezi mahali panapokua kwa asilimia 8 kwa mwaka. Ukifanya hivyo miaka 40 utakuwa umeweka mafungu 480, nayo yatakuwa yamefika karibu mafungu 3,490. Ukichelewa miaka kumi tu, ukaweka kwa miaka 30, utakuwa umeweka mafungu 360 na utakuta kama 1,490. Umepunguza mafungu 120, umekosa 2,000. Faida inazaa faida, na watoto wengi wa faida huzaliwa mwishoni. Hakuna anayekuhakikishia hiyo asilimia 8, na kuna miaka utaona hasara. Ila wewe ndiye mwenye nafasi ya kuisubiri ipite.

Lakini kabla ya hisa yoyote, tenga matumizi ya miezi mitatu hadi sita kwenye akaunti ya kawaida ambayo unaweza kutoa hela siku hiyohiyo. Haitakupa faida ya maana, na wala hiyo si kazi yake. Kazi yake ni kukuzuia usikae kitandani saa nane za usiku kama mimi.

Na uangalie sana makato. Fungu moja likikua kwa asilimia 7 kwa miaka 40 linakuwa karibu 15. Msimamizi wa mfuko akikata asilimia 2 kila mwaka, ukabaki na 5, linakuwa 7 tu. Zaidi ya nusu imeondoka, na hutaona siku yoyote ambayo mtu alikuja kuichukua. Ndiyo maana mimi napenda mifuko inayonunua tu kampuni zote zilizomo kwenye kipimo cha soko bila kuchaguachagua, kwa kuwa makato yake ni madogo. John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard ya Marekani, alipowafungulia wananchi wa kawaida mfuko wa aina hiyo mwaka 1976, walimbeza. Leo mamilioni ya watu wanaweka akiba zao za uzeeni kwa njia hiyo.

Kaka, kwako nitakuwa mfupi, maana wewe hesabu unazijua, tatizo ni nafasi. Umebanwa pande zote mbili, watoto huku na sisi wengine kule. Gawanya 72 kwa riba, utapata miaka ambayo deni linajizidisha mara mbili lisipolipwa. Mkopo wako wa asilimia 24 unachukua miaka mitatu. Hakuna uwekezaji ninaoujua unaokuhakikishia asilimia 24, lakini kila unachopunguza kwenye deni hilo kinakuokolea riba hiyo bila shaka yoyote. Kwa hiyo lile shauri la kununua hisa liache kwanza, maliza mkopo. Ada ya shule ya mwakani isikaribie soko la hisa, kwa sababu tarehe yake unaijua. Na tafadhali kata bima ya maisha ile rahisi, ya muda maalumu, isiyochanganywa na akiba. Watoto wako wanaishi kwa nguvu zako tu. Siku nguvu hizo zikikosekana, mimi peke yangu kutoka huku sitaweza, na nisingependa nikufiche hilo.

Sasa Baba. Lako ndilo linaloninyima usingizi.

Kiinua mgongo kina hatari ambayo mshahara hauna. Mshahara ukiuharibu mwezi huu, mwezi ujao unakuja mwingine. Hiki kinakuja mara moja. Na watu wananusa. Watakuja wenye maneno matamu, wengine tunaowafahamu. Yeyote atakayekuahidi faida kubwa, ya haraka na isiyo na hasara, Baba, usimpe hata siku moja ya kufikiria. Charles Ponzi kule Boston mwaka 1920 aliahidi asilimia 50 kwa siku 45. Wa kwanza walilipwa kweli, tena kwa wakati, na hao ndio waliowaita majirani. Walikuwa wanalipwa kwa hela za waliokuja nyuma yao. Miaka zaidi ya mia imepita na mchezo ni uleule, umebadilishwa jina tu. Nakuomba uweke sharti: hakuna hela inayotoka bila sahihi ya Mama pia. Mama ameshika daftari la matumizi ya nyumba hii tangu sijazaliwa, na yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Mimi ningeigawa hivi. Matumizi yenu ya miaka miwili yakae benki, yasiguswe na soko. Yale ya mwaka wa tatu hadi wa kumi yaende kwenye hati fungani za serikali, yaani mnaikopesha serikali kwa riba, mkizipanga ziive, yaani zifike tarehe ya kurudishiwa hela, kwa kupishana, ili kila mwaka moja iwalipe. Kinachobaki ndicho kiende kwenye mfuko wa hisa, tena mfuko mpana, si kampuni moja uliyosikia inasifiwa.

Najua utasema umezeeka, hisa ni za vijana. Lakini wewe na Mama mnaweza kuishi miaka 25 au 30 mbele yenu, na ndivyo ninavyoomba. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 12 kila kitu kitagharimu mara mbili. Hela iliyokaa tu itakuwa na idadi ileile na nguvu nusu.

Halafu ni kiasi gani mtoe kwa mwaka. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipitia historia ya masoko ya kwao. Akakuta kwamba aliyetoa asilimia 4 ya mali yake mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, hakuishiwa ndani ya miaka 30, mradi hisa zilikuwa kati ya nusu na robo tatu na zilizobaki zikawa hati fungani. Si sheria, na masoko si sawa kila mahali. Hata hivyo inakupa kipimo. Ukijikuta unatoa asilimia 10 kila mwaka, itakuishia ungali na nguvu. La kuogopa zaidi ni soko kuanguka katika ile miaka ya mwanzo huku unauza ili ule, kwa sababu kilichouzwa wakati wa anguko hakipo tena soko linapoinuka. Ndicho kilichonipata mimi. Mimi nilikuwa kijana, nilianza upya. Wewe ile miaka miwili ya benki ndiyo ngao yako.

Ninazotuma kila mwezi nitaendelea kutuma. Ila mwaka huu nimeanza pia kutenga za uzee wangu, asilimia 15 ya ninachopata, kabla sijagusa kitu kingine. Mwezi mkiona pungufu kidogo, sababu ni hiyo. Sitaki watoto wa Kaka waje wabebe mzigo wangu.

Mama, nakuomba ukurasa mmoja wa daftari lako: matumizi ya miezi mitatu iliyopita, yaliyo lazima upande mmoja na yanayoweza kusubiri upande wa pili. Piga picha unitumie. Jumapili nitapiga simu saa tatu usiku, na tutazungumza na Baba kwanza, mmoja mmoja, hadi tumalize.

Nawapenda sana.

Mtoto wenu wa kati