Binamu, kile kiboksi cha vifaa usinunue, anza na mabaki ya ngozi

Binamu yangu wa Njombe,

Najua utauliza kwanini nakuandikia hadharani wakati namba yangu unayo. Kwenye grupu la ukoo ukiandika kitu kirefu shangazi anajibu kwa video ya maombi alafu mada inafia hapo hapo, na kuna vijana wengine wananiuliza haya haya unayouliza wewe, jinsi ya kuanza kutengeneza viholda vya funguo vya ngozi, sasa bora nijibu mara moja msome wote. Jina lako sitalitaja, ingawa kwa utani wetu nina haki kabisa ya kulitaja na kuweka na picha yako ya mahafali.

Ile linki ya kiboksi cha vifaa vya ngozi uliyonitumia nimeifungua. Boksi zuri, vyuma vimepangwa utadhani vya daktari wa meno, na bei yake ukijumlisha usafiri na ushuru unapata mbuzi na chenji inabaki. Unataka nikuongezee hela. Sikuongezei. Sio ubahili, ni kwamba nusu ya vile vyuma hata mimi ninayekula kwa ngozi sina, na kiholda cha funguo, ambacho ndo umesema unataka kuanza nacho, hakihitaji hata robo yake. Hela hiyo nunua riveti (vile vifungo vya chuma vya kugonga) na ringi, ngozi nitakupa mimi.

Hapa bandani tunakata mikanda na sendo, na fundi hakati ngozi kila mahali. Tumboni ngozi inavutika, mkanda ukiutoa hapo baada ya muda umeshaongezeka urefu wenyewe. Shingoni kuna mikunjo. Pajani mara nyingi kuna chapa ya mfugaji, alafu mikwaruzo ya miiba na alama za kupe ndo usiseme, ng'ombe wetu wanalala porini sio hotelini. Vyote hivyo vinaishia kwenye kiroba pamoja na vipande vya pembeni visivyo na umbo. Kwa mkanda hiyo ni hasara, kwa kitu cha urefu wa kidole ni mali safi kabisa. Nitakutumia kiroba kizima kwa basi, hela ya mzigo utalipa wewe.

Kikifika usianze kukata. Kimwage chini utenganishe mafungu, mana mle ndani kuna ngozi za aina mbili na watu wengi wanaoanza wanazichanganya alafu wanalaumu kisu. Kata kona ya kipande uangalie unene wake kwa pembeni. Kama katikati ni kijivu au kina kaubluu kwa mbali, hiyo imesindikwa kwa dawa ya kromu, laini, inakunjika hovyo, ukiilowesha haishiki alama. Kama ni kahawia mwanzo mpaka mwisho, ngumu kidogo, na tone la maji likidondoka linazama na kuacha doa jeusi jeusi mpaka likauke, hiyo imesindikwa kwa magome ya miti. Ngozi nyingi duniani siku hizi ni za kromu kwa sababu inaiva kwa siku moja hivi wakati ya magome inaweza kukaa wiki kadhaa. Ila kwa viholda ya magome ndo mfalme. Inakubali kupigwa namba, inakubali kusuguliwa mpaka ing'ae, inasimama yenyewe.

Na hapa ndo nacheka peke yangu, mana magome yenyewe yanatoka kwenu. Ile miwati unayoiona tangu unazaliwa, unayokata kuni na kuchoma mkaa, haikupandwa kwa ajili ya kuni. Kampuni ya miwati pale Njombe, TANWAT, ilianza mwaka 1949 na kazi yake ya mwanzo ilikuwa hiyo, kubandua magome, kuyachemsha na kupata ile dawa nyekundu inayoitwa mimosa inayouzwa kwa wasindika ngozi. Mti wenyewe asili yake Australia. Yaani unataka kuagiza kiboksi ng'ambo wakati dawa ya ngozi inaota nyuma ya choo chenu.

Kuna fungu la tatu: leza feki, yaani ngozi ya bandia. Hiyo ukiichana utaona kitambaa kwa nyuma, na ukiikunja kunja juu panapasuka kama rangi. Toa kabisa, usije ukamuuzia mtu kwa jina la ngozi. Na usipime kwa kiberiti kama wanavyofundisha kwenye video, eti ngozi halisi inanuka nywele zilizoungua. Ni kweli inanuka hivyo, lakini ngozi ya kromu ikiungua ile kromu inaweza kugeuka kuwa ya sumu, kwahiyo mabaki yake usitie jikoni wala usichome uani watoto wakiwa wanacheza. Angalia pembeni tu, inatosha.

Sasa kazi. Vifaa unavyohitaji: kisu, rula ya chuma, panchi ya kutoboa tundu, nyundo, msasa, gundi ya viatu. Kisu mwone fundi viatu yeyote stendi, wanatengeneza kwa blade ya msumeno wa chuma, wanainoa kwenye jiwe na kuifunga mpira upande wa kushikia, na kinakata kuliko vile vya kwenye boksi. Chini weka ubao laini au raba nzee ya soli, usikatie kwenye sakafu.

Kata ukanda wa sentimita 16 kwa 2, unene milimita 2 mpaka 3. Usikandamize kisu mara moja ukategemea kimalize, pitisha mara ya kwanza kwa kugusa tu kifuate rula, ya pili na ya tatu ndo kinazama, ukilazimisha kinakwepa na kinakuja kwenye kidole. Miisho yote miwili ichonge kwa chini iwe myembamba kidogo. Kona zizungushe kwa kuweka sarafu na kuchora, mimi natumia ya mia mbili. Pitisha ringi, kunja katikati, pakaa gundi pande zote mbili (PANDE ZOTE MBILI binamu, najua utapaka moja), acha ikauke mpaka ukigusa haishiki kidole, kama dakika 10 hivi, huko kwenu kwenye baridi labda zaidi, alafu bana na gonga na nyundo. Ukibana ikiwa mbichi inatelezateleza na haishiki kamwe. Toboa tundu karibu na ringi, piga riveti. Kwisha. Hapo mzigo wa funguo unavuta mkunjo wa ngozi na sio tundu, ndo mana nakwambia anza na hiki cha kukunja na sio kile cha kipande kimoja chenye tundu juu, kile tundu likikaa karibu na ukingo linachanika, hasa ukiwa umetumia ya tumboni.

Vipande vyembamba vya kromu usitupe, bandika viwili mgongo kwa mgongo alafu shona. Ukishona kwa mkono tumia sindano mbili kwenye uzi mmoja, kila tundu linapita sindano kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia. Inachukua muda, ila mshono wa cherehani nyuzi zake mbili zinategemeana, ukikatika sehemu moja unaanza kufumuka, wa sindano mbili ukikatika sehemu unabaki umeshika kwingine kote. Uzi uwe wa nailoni, upitishe kwenye nta, ukate urefu kama mara nne ya unaposhona. Tundu zikae sawa sawa weka alama kwa uma wa chakula, gandamiza tu, mwanzo kabisa inatosha.

Haya, nimefika nilipotaka. Hapo juu pote mtu yeyote anaweza, na ndo mana barabarani viholda vya ngozi vinauzwa bei ya maandazi. Kinachotofautisha ni ukingo. Mteja hajui kama ni kromu au magome, hajui sindano mbili ni nini, lakini akikishika kidole gumba chake kinatembea pembeni bila yeye kujua, kikikuta kunakwaruza na nyuzinyuzi za ngozi zinachungulia anakirudisha mezani, kikikuta kunateleza kama kioo anauliza bei. Nimeliona hilo bandani kila siku. Kwahiyo muda uliotumia kukata, tumia mara mbili yake kwenye ukingo.

Anza na msasa mkavu, wa kukwaruza kwanza alafu laini, mpaka pande mbili zilizobandikwa zionekane kitu kimoja. Lowesha ukingo na maji kwa ncha ya kidole, usizamishe. Chukua kipande cha jinzi ya zamani sugua kwa nguvu, kwenda na kurudi, mpaka pawe moto. Utaona panaanza kukolea na kung'aa. Pakaa nta ya nyuki, sugua tena. Nta kwenu inapatikana kwa warina asali, usinunue mishumaa, ile ni kitu kingine. Kwa ngozi ya kromu ukweli ni kwamba ukingo hauji hivyo hata usugue mpaka kesho, hiyo pakaa gundi nyembamba, kausha, msasa, rudia, alafu rangi. Wengine wanaunguza na njiti ya kiberiti, nimeshasema moto sitaki.

Rangi nyeusi pia usinunue. Chukua misumari yenye kutu au steelwool, loweka kwenye siki, funika na kitambaa tu usikaze mfuniko mana inatoa gesi, acha siku kadhaa mpaka siki ibadilike rangi, chuja. Pakaa kwenye ngozi ya magome na utaona inageuka nyeusi mbele ya macho yako, kwa sababu chuma kinakutana na ile dawa ya magome ndani ya ngozi, na haihamii kwenye mikono ya mtu wala kwenye suruali nyeupe. Kama haikolei vizuri, kwanza pakaa chai ya rangi nzito isiyo na sukari, ikauke, ndo upake siki yako, chai nayo ina dawa ya jamii hiyo hiyo. Na chai Njombe mnayo, sitaki kusikia visingizio. Suuza, anika kivulini, malizia na mafuta yaliyochanganywa na nta kidogo. Hiyo nta iyeyushe kwenye kikopo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, sio juu ya moto wenyewe. Kwenye ngozi ya kromu hii siki haifanyi kitu, kwahiyo hata hapo unaweza kupima aina ya ngozi kama ukingo umekuchanganya.

Umeniuliza utamuuzia nani. Ulifikiria watalii. Binamu, watalii wangapi wanapita mtaani kwenu? We nenda Makambako. Pale barabara ya Zambia inakutana na ya kwenda Songea, malori yanalala, reli ya TAZARA inapita, gesti zimejaa. Kila gesti ina vyumba na kila chumba kina ufunguo umefungwa kwenye kipande cha ubao kimeandikwa namba kwa kalamu ya wino, mteja akioga nao namba inafutika. Hao ndo wateja wako. Nenda duka la vifaa vya ujenzi nunua seti ya namba za kugongea chuma, zile zinazogonga namba kwa nyundo, milimita 5 au 6 zinatosha. Ukiona ndani vipo vyuma 9 badala ya 10 usigombane na mwenye duka, 6 ukiigeuza ndo 9. Ngozi ya magome ilowe kidogo, rangi yake ikianza kurudi ile ya mwanzo ndo wakati wake, unagonga pigo moja la uhakika. Ikikauka namba imekaa hapo milele. Gonga kabla ya kukunja na kubandika, na upande wa pili gonga jina la gesti kama una herufi.

Mwenye gesti usimpelekee moja la mfano, mpelekee la chumba namba 1 mpaka namba 4 kwenye ringi moja, azisikie mkononi, alafu nyamaza asome mwenyewe. Bei usianze na elfu moja kwa sababu umeona barabarani wanauza hivyo. Piga hesabu ringi, riveti, nta, na saa ulizokaa na kile kipande cha jinzi, alafu utaje bila kupepesa macho. Akisema ghali muulize ufunguo ukipotea unamgharimu shilingi ngapi kubadilisha kitasa.

Bodaboda nao wanapenda, ngozi haikwaruzi tenki na sio nzito kwenye swichi, ila wao wanalipa kwa mafungu na ahadi, wafanye wa pili.

Kiroba kinaondoka huku Ijumaa na basi la asubuhi, risiti nitakutumia picha. Mle ndani nimekuwekea na panchi yangu ya zamani, imeazimwa, haijatolewa. Ukimaliza cha kwanza usinitumie picha ya mbele, mbele kila mtu anajua kupendeza. Piga picha ya pembeni, juani, bila filta.

Msalimie mjomba, mwambie shikamoo yake nadaiwa na nitailipa mwezi wa kumi na mbili.

Binamu yako wa Dar