Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kambale Wetu Wanalana

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea Mweka Hazina, na wenye ada za nyuma Katibu ameshawaandikia. Mimi nitatumia nafasi yangu kwa jambo lililotuumiza mwaka huu kuliko yote: vifaranga wa kambale kupotea.

Simu nilizopokea zinafanana. Mtu amepandikiza vifaranga, hajaona hata mmoja akielea, lakini akivuta wavu anakuta wachache tu, na kati yao wawili watatu ni majitu. Wapo waliomshuku mlinzi, wapo waliotaja kenge na mnandi. Kenge na ndege wapo, na nyavu za kufunika mabwawa tuendelee nazo. Ila mlaji mkubwa yumo humohumo majini.

Kambale huanza kulana akiwa mdogo mno. Mdomo ukiwa bado mwembamba, humkamata mwenzake mkiani na kumtafuna kuelekea mbele, kisha kichwa hukitupa. Mulika tochi chini ya tangi alfajiri na utaona vile vichwa vidogo. Akishapanuka mdomo, humeza mwenzake mzima kuanzia kichwani, na hapo hubaki ushahidi gani? Hao ni ndugu wa mama mmoja, waliototolewa siku moja. Aliyetangulia kidogo kwa ukubwa anakula wenzake, anazidi kukua, kesho anakula zaidi.

Naomba tusiishie kusema ndiyo asili yake. Asili ipo, lakini mazingira ndiyo yanayoichochea au kuituliza. Njaa ni ya kwanza. Ya pili ni kuwachanganya wakubwa na wadogo. Kisha msongamano, mwanga mkali, na tangi tupu lisilo na pa kujificha. Maji yakipata joto, samaki humeng'enya haraka na njaa hurudi mapema. Kambale ni samaki wa usiku. Ukimlisha mchana tu, ukafunga stoo saa kumi, umemwachia usiku kucha atafute mwenyewe.

Ushahidi tunao hata ziwani. Sangara waliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 furu, samaki wadogo waliokuwa chakula chao, walipopungua sana, sangara waligeukia uduvi, dagaa, na watoto wao wenyewe. Baadaye baadhi ya furu walipoongezeka tena katika Ghuba ya Mwanza, wakaanza kuonekana tena matumboni mwa sangara. Samaki ni yuleyule. Kilichobadilika ni chakula kilichomzunguka. Hilo linanipa matumaini makubwa kuhusu mabwawa yetu, kwa sababu bwawani mwenye kupanga chakula ni sisi.

Mama mmoja mwanachama wetu amelifunika tangi lake la kulelea kwa makuti na kuweka ndani vipande vya mabomba ya plastiki. Nilipomtembelea, vifaranga walikuwa wamejaa ndani ya mabomba, wametulia, mikia yao haina majeraha. Analisha kidogokidogo mara nyingi, na mlo wa mwisho anautoa giza likishaingia. Kila wiki anawachambua, wanaowazidi wenzao anawahamishia tangi jingine. Ni kazi ya kuchosha mgongo, nakiri, lakini hakuna dawa ya dukani inayoifikia.

Kuhusu muuzaji aliyetupakilia vifaranga wa rika mbili katika mfuko mmoja wa oksijeni, kamati imekwisha kuzungumza naye na hatutanunua tena kwake. Kuanzia sasa mfuko ufunguliwe na kukaguliwa mbele ya muuzaji, kabla ya kulipa. Wakitofautiana kwa ukubwa, warudi.

Kamati inapendekeza sehemu ya mfuko wa chama inunue makasha ya kuchambulia, yenye matundu ya saizi tofauti, yazunguke kwa wanachama kwa zamu kabla ya mzunguko ujao wa upandikizaji. Wapo wanaotaka fedha hizo zinunue vifaranga zaidi. Nawaelewa, hasara imewabana. Lakini kuongeza vifaranga katika tangi lenye njaa na msongamano ni kuwaongezea chakula wale majitu. Naomba mpige kura kukubali makasha, na kila kata iteue leo mtu mmoja atakayeyatunza.