Umepata nguruwe

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili hapa barazani. Mtihani umeupita kwa kusukumasukuma, mwenzako wa kazini huko Ujerumani akakwambia "Schwein gehabt", nawe ukanuna mchana kutwa. Mama yako naye kanuna. Mimi nimecheka.

Ni kweli, maana yake ni "umepata nguruwe". Lakini Mjerumani akisema hivyo anakusudia kuwa una bahati. Ukiingia mwaka mpya utawaona wakipeana vinguruwe vya marzipani, lozi iliyosagwa na sukari. Wewe kula, ila uliza kwanza kama hakikutiwa pombe.

Mimi yalinifika makubwa zaidi. Siku moja kabla ya mtihani wa leseni ya kutembeza wageni, bibi mmoja wa Kitaliani niliyekuwa nikimzungusha Mji Mkongwe alinishika mkono, akaniambia, "In bocca al lupo." Mdomoni mwa mbwa mwitu! Nikamjibu "grazie", kwa adabu zangu zote. Uso ukambadilika. Kumbe ni dua ya heri, na haijibiwi kwa ahsante. Hujibiwa "crepi", yaani na afe huyo mbwa mwitu. Ukishukuru, umeshajiletea nuksi. Mtihani nikafeli, na yeye wala hakushangaa.

Tangu hapo nikawa mdadisi. Sisi mtu akinunua kitu asichokikagua, twasema kauziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia la Mwingereza lina nguruwe. La Mjerumani na la Mfaransa lina paka. Nikauliza, paka ananunuliwa wa nini? Mgeni wangu kutoka Hamburg akacheka: mnunuzi alidhani kauziwa sungura. Na sungura mwenyewe ana mambo yake, maana Mfaransa "akikuwekea sungura", mliahidiana, ukangoja weee, naye hakutokea.

Hili la sasa ni la kazi yako hasa. Mgonjwa akikwambia ana chura kooni, usimkimbilie daktari; sauti tu imemkwama. Mfaransa, kooni mwake hukaa paka. Na huyo paka akitoka nyumbani, kwetu panya hutawala, kwao panya hucheza ngoma. Wajerumani wanaongeza kuwa huicheza juu ya meza.

Moja tu ndilo nilibishana nalo. Wataliani husema mbayuwayu mmoja haleti masika yao, Wajerumani husema haleti kiangazi. Nikawaambia: kwetu ndege huyo huja wakati nyie mnatafuta makoti, na vuli iko njiani. Jana nimewaona wa kwanza, wamejipanga kwenye waya wa umeme nyuma ya nyumba. Mama yako akaanza kuanua nguo.

Akipoa nitamweleza habari ya nguruwe. Leo bado.

Baba yako