Zuhura, pesa za kiyoyozi zimefika

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku, Februari

Dada Zuhura,

Hamjambo wote huko Kisauni, Mombasa? Mgongo wa shemeji umepoa? Najua tangu Krismasi sijakuandikia, na hata picha za harusi ya Halima sijazijibu. Hayo tutaongea. Leo nina jambo moja limenikaa kooni, na sioni mwingine wa kumweleza ila wewe.

Kaka ametuma pesa kutoka Doha. Ziliingia Ijumaa jioni, shilingi 90,000, pamoja na ujumbe wa mstari mmoja: "Za kiyoyozi cha Mama, si za kitu kingine." Leo Jumapili bado ziko kwenye simu. Sijagusa hata shilingi.

Habari za Mama kuanguka sijui zilikufikiaje. Haikuwa kama ule mwaka wa nyonga. Jumatano ya juma lililopita, saa kumi jioni, aliinuka kitandani kwenda kuchukua maji, kizunguzungu kikampata, akashika mlango na kuketi chini polepole. Mimi nilikuwa kazini, jirani yetu Mama Njeri ndiye aliyemkuta. Kliniki wakampima: presha imeshuka, mwili umepungukiwa maji. Daktari akaomba kuona dawa zake, akakuta kimoja kati ya vile vidonge vya presha ni cha kutoa maji mwilini. Akasema mtu wa miaka 76 kiu humjia ikiwa imechelewa, na chumba cha joto kinamalizia kazi. Mama akabisha: "Lakini mimi hata jasho sikutoka." Daktari akamjibu kwamba jasho lilimtoka, ila mwezi huu hewa ya Nairobi ni kavu, linakauka kabla hujaliona.

Maneno hayo hayajanitoka. Kule kwenu mtu analowa shati, anajua yuko kwenye joto. Hapa unakauka kidogo kidogo na hujui.

Usiku ule nikampigia kaka, na nadhani nilimtia hofu kuliko nilivyokusudia. Yeye akisikia neno joto anawaza la Doha, kiangazi digrii 40 na zaidi, mahali ambapo kiyoyozi kikizimika mtu yuko hatarini kweli. Huko feni haimwokoi mtu, kwa sababu hewa ikishapita joto la ngozi, kwenye digrii 35 hivi, feni inakupulizia moto. Simlaumu, na moyo wake naujua. Lakini chumba cha Mama si Doha, wala si Kisauni.

Nimekipima, Zuhura. Nilinunua kipimajoto kidogo cha ukutani, siku nne naandika kwenye daftari. Saa kumi jioni chumbani digrii 32. Saa tatu usiku 30. Na saa hiyo hiyo ya tatu, nje kwenye varanda, 19! Nilisimama pale nimejifunga shuka, nikaingiza mkono dirishani kwa Mama, nikasikia joto kama niko mbele ya jiko. Baridi tunayo, ya bure, hatua mbili kutoka kitandani kwake, na haiingii.

Unaikumbuka nyumba. Ghorofa ya tano ndiyo ya mwisho, juu yetu ni zege tupu, kamba za nguo na yale matangi meusi. Tuko karibu kabisa na ikweta, na kuanzia sasa hadi Machi jua la saa sita linasimama utosini. Kuta hazipati sana wakati huo, zege la juu ndilo linalobeba lote. Linakunywa jua mchana kutwa, jioni linaanza kulirudisha kwetu, mpaka saa sita usiku halijamaliza. Nimepanda kwenye stuli nikaweka kiganja kwenye dari saa mbili usiku: vuguvugu, kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Hata maji ya bomba saa tisa mchana yanatoka moto. Na Mama Njeri, ghorofa ya tatu, upande ule ule, dirisha lile lile la kuelekea mjini, hana hata feni na analala vizuri.

Ndiyo maana nasema adui wetu si hewa ya Nairobi, ni lile zege.

Hata hivyo nilienda Luthuli jana, kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini, kwa sababu ya kaka. Sikutaka kusema hapana bila kuuliza. Chumba cha Mama ni futi 12 kwa 12. Muuzaji wa kwanza akasema BTU 9,000, ndivyo wanavyopima nguvu ya kupoza, zinatosha. Wa pili akauliza kama juu kuna ghorofa nyingine, nikamwambia hakuna, akasema basi chukua 12,000, na huyo ndiye niliyemwamini kwa kuwa aliuliza. Mashine kama hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula karibu kilowati moja. Nikapiga hesabu kwa shilingi 30 kwa uniti: saa sita kwa siku ni uniti sita, shilingi 180, mwezi 5,400. Ile ya inveta hula kidogo zaidi, maana chumba kikishapoa injini inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Na ujue pia uniti za mwezi zikizidi kiwango fulani bei ya kila uniti inapanda, kwa hiyo friji na pasi nazo zingeanza kunilia zaidi. Pangaboi, ile feni ya darini, linakula wati 60 au 70. Likizunguka kwa muda wa saa kumi, ni shilingi 20 hivi.

Najua utaniuliza, kwani afya ya Mama ina bei? Haina. Ningekuwa na hakika kwamba kiyoyozi ndicho kitakachomlinda, ningekula sukuma wiki mwaka mzima na tokeni ningenunua. Tatizo langu ni kwamba kingekuwa kinapigana na zege usiku kucha huku dirisha limefungwa na baridi ya Mungu imesimama nje. Mwenye nyumba naye hataki ukuta utobolewe wala chombo kuning'inizwa nje. Waya za nyumba hii unazijua, birika na pasi haziwaki pamoja.

Walinionyesha pia ile ya magurudumu yenye bomba moja la kutoa hewa dirishani. Nusura niichukue, kwa sababu haitobolewi ukuta. Fundi aliyekuwa amekaa pale nje ndiye aliyenivuta kando: ile inasukuma hewa nje ya chumba, na hewa iliyotoka lazima nyingine ije mahali pake, basi inavuta ya moto kupitia chini ya mlango na penye nyufa. Inapoza huku inajipa kazi. Bosi wa Mama Njeri naye anahamisha ofisi, anauza kiyoyozi chake cha zamani bei ya kutupa. Nikampigia yule fundi picha ya kibandiko: gesi ya kupozea ni R22. Fundi akasema nisikiguse, gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuwa inaharibu ozoni, kikivuja leo kesho nitahangaika kuijaza. Hata ofisi ya mkataba wenyewe iko hapa hapa kwetu, Gigiri. Za kisasa zina R32 au R410A, shemeji atakuwa anajua zaidi.

Na ile feni ya kutia maji, ile niliyonunua mwaka jana mjini nikiambiwa ni "kiyoyozi cha bei nafuu"? Sikukusimulia yote. Muuzaji alisema funga madirisha baridi isitoke. Nikafunga. Usiku wa kwanza Mama alifurahi saa moja, baadaye hewa ikawa nzito, shuka zikalowa unyevu, akakohoa hadi asubuhi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba chombo kile kinapoza kwa kukausha maji hewani, na hewa ikishajaa unyevu hakuna kinachokauka tena. Kinataka hewa kavu na dirisha wazi. Mchana wa Februari hapa Nairobi kinafanya kazi, nimekijaribu tena juzi hivyo na sebule ilishuka digrii tatu. Kwenu pwani ningekuambia usipoteze pesa. Lakini yule mtu kuniambia nifunge dirisha kwa mgonjwa wa kifua, bado linaniuma.

Sasa sikiliza ninachotaka kufanya na pesa za kaka.

Kwanza juu. Kupaka zege lote la upande wetu rangi nyeupe ya paa, jua lirudi lilikotoka badala ya kuingia. Nimeongea na msimamizi, mwenye nyumba amekubali nikilipia rangi mwenyewe. Kisha juu ya chumba cha Mama kutandaza ile neti nyeusi ya kivuli wanayotumia wakulima wa nyanya, ifungwe kwenye nguzo za kamba za nguo, futi chache juu ya zege ili upepo upite chini yake. Pili, pangaboi la inchi 48 chumbani kwake. Dari ni futi nane na nusu, mapanga yatakaa juu ya futi saba, hakuna atakayeguswa. Tatu, feni ya kusimama niliyonayo tayari, ikifika saa moja jioni naiweka dirishani ikitazama NJE, nafungua mlango wa varanda upande wa pili. Inafukuza moto, baridi inavutwa kutoka varandani. Nimeifanya siku mbili, Zuhura. Saa tatu usiku chumba kilikuwa 25 badala ya 30. Kwa feni moja tu, na zege bado halijapakwa! Mama akaomba blanketi saa tisa usiku, mimi nikakaa pembeni ya kitanda nikalia kidogo.

Feni haishushi joto la hewa hata kidogo, hilo nalijua, inamkausha mtu jasho tu na kusogeza hewa. Ndiyo maana lazima maji yawe karibu naye. Nimempa chupa mbili zenye alama za saa, na mchana analowesha leso, anajitandaza mabegani, feni inampuliza. Anasema ndivyo bibi yake alivyofanya kule Rabai, bila feni, kwa upepo wa ukuti.

Zitakazobaki, na zitabaki nyingi, nataka kumlipa binti wa kukaa na Mama saa nane hadi saa kumi na mbili. Kwa sababu Jumatano ile hata chumba kingekuwa baridi, nani angemkumbusha kunywa maji?

Hilo ndilo ninaloshindwa kumwambia kaka. Nikisema sinunui kiyoyozi, atasikia kwamba dada yake anabana pesa na Mama anaungua. Yuko mbali, amefanya kazi juani kupata hizo 90,000, na anataka kuona kitu kimewekwa ukutani, apigiwe picha. Rangi nyeupe kwenye paa haipigiki picha ikamtuliza mtu. Na usiku najiuliza, je, Machi ikija kali zaidi, stima ipotee mchana, Mama aanguke tena, nitamtazamaje? Hapo nafungua tena ule ukurasa wa inveta, naangalia bei, nafunga.

Kaka anakusikiliza wewe. Tangu shuleni, na hata ile habari ya shamba ni wewe uliyemtuliza. Unaweza kumpigia? Si kumdanganya, mweleze tu kwamba joto la hapa si la huko, na kwamba nikishafanya haya yote na chumba bado kinapita digrii 30 usiku mwisho wa Machi, nitanunua kiyoyozi cha inveta kwa mkono wangu na kuhamisha Mama nyumba yenye ruhusa ya kutoboa ukuta. Nimemaanisha.

Na shemeji niulizie: pangaboi zuri analijuaje dukani, ni uzito wa mota, au waya wa shaba, au nini? Lile la Baba Halima lililokuwa likizunguka kama lina usingizi, si alibadilisha kapasita tu likapona? Ndoano kwenye zege ifungwe vipi isije ikalegea, maana Mama ameshaanza kusema litamwangukia? Nyinyi mnalalaje na neti ya mbu chini ya pangaboi, mnafunga pembe nne au? Ile ya duara yetu inaning'inia katikati, hapo hapo pangaboi linapotakiwa. Mama mkwe wako analalaje na upepo, hapati kichomi? Mnakuja Pasaka au mmeahirisha tena? Na Halima yuko wapi sasa, Malindi au amerudi?

Nijibu kabla ya Alhamisi, ndiyo siku fundi anakuja kupima. Mama anakusalimu, anasema umletee maembe ya ngowe, na sasa ananiita, leso imekauka.

Wako,
Mwende