Cheni imechakaa, mawe bado mazima: tunavyogeuza mapambo yako ya zamani

Mapambo mengi yanayofika mezani kwetu yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki: hereni moja iliyopoteza mwenzake, cheni tatu zilizosokotana, bruchi (pambo la kubana kwenye nguo) iliyong'oka sindano, bangili iliyopauka. Wenyewe huanza kwa kusema, "Ni takataka tu hizi." Subiri kwanza tuzimwage tuzione.

Kwenye pambo la bandia kinachochakaa mapema ni metali, mara chache jiwe. Cheni na pete nyingi za aina hii ni za shaba au mchanganyiko wa zinki, zikachovywa dhahabu au fedha kwa utando mwembamba mno. Jasho, manukato na kusuguana na nguo huula utando huo, na shaba ikishajitokeza ndipo ngozi inapoanza kuachwa na alama ya kijani. Shanga za kioo zilizotungwa kwenye cheni hiyohiyo huenda ziko vilevile kama zilivyotoka kiwandani. Kazi yetu basi ni kuvitoa vilivyo hai kwenye mifupa iliyooza na kuvijengea mifupa mipya.

Kabla ya kushika plaizi tunageuza pambo nyuma na kulikagua kwa kioo cha kukuzia. Tukikuta namba 925 imegongwa, huenda ni fedha halisi. 375, 585 au 750 huashiria dhahabu. Hapo tunasimama na kukushauri ulipeleke kwa sonara likapimwe. Majina ya watengenezaji wa zamani wa mapambo ya bandia wa Marekani, kama Trifari au Miriam Haskell, nayo hutusimamisha, kwa sababu wakusanyaji huyatafuta yakiwa mazima, na ukishayakata thamani hiyo hairudi. Alama ya © pia inadokeza umri wa pambo: mwaka 1955 mahakama moja ya New York, katika kesi ya Trifari, ilikubali kwamba usanifu wa mapambo ya bandia unalindwa na hakimiliki, na baada ya hapo watengenezaji wengi wakaizoea alama hiyo. Tutakwambia ukweli hata kama unatukosesha kazi.

Sasa mawe. Mengi ya yale yanayometameta ni kioo chenye utando wa fedha mgongoni. Huo ndio unaorudisha mwanga. Maji yakipenya nyuma, utando unaharibika, jiwe linageuka kijivu au manjano, na hakuna dawa. Kwa hiyo tafadhali usiloweke pambo kwenye maji ya sabuni ili ulilete likiwa safi. Lilete na vumbi lake. Sisi tunatumia brashi laini kavu, na pamba yenye unyevu kidogo pale tu inapobidi. Gundi ya papo kwa papo nayo iache: hukauka ikawa kavu ya kuvunjika, na mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya kioo. Tunatumia epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, tukaiacha ikomae bila haraka.

Wengi huuliza kwa nini tusichomelee tu palipokatika. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419 za Selsiasi, ilhali kuchomelea kwa fedha kunataka zaidi ya 600. Pambo lingekuwa tope kabla kiungo hakijashika. Ndiyo maana tunaunganisha kwa waya, vipete na riveti (vipini vidogo vya metali vinavyogongwa ncha), na ukiniuliza mimi, waya uliozungushwa vizuri unapendeza kuliko kiungo kilichofichwa.

Lulu za bandia tunazipima kwenye tundu. Rangi ikishaanza kubanduka pale, lulu hiyo tunaiweka pembeni. Zilizo nzima tunazitunga kwa uzi wa hariri, fundo baada ya kila lulu, ili zisisuguane na uzi ukikatika zisimwagike zote sakafuni.

Hereni moja isiyo na mwenzake ndiyo kazi tunayoipenda zaidi. Tunaondoa kulabu, tunalainisha mahali ilipokuwa, tunapachika kipete juu, inakuwa kidani. Bruchi yenye sindano mbovu hukaa vizuri katikati ya bangili pana.

Kuna kazi tunazokataa. Metali ya zamani inaweza kuwa na risasi au kadimi, na kwa macho hatuwezi kujua, hivyo hatutengenezi chochote cha mtoto kutokana nayo. Watoto hutia vitu mdomoni. Ukiwa na ngozi inayowashwa na nikeli tuambie mapema, tutaweka kulabu mpya za titani na sehemu ya zamani haitagusa sikio.

Ukija, leta vipande vyote, hata vile vidogo vilivyobaki chini ya kikasha. Tunavipanga kwenye trei, tunakuchorea tulichofikiria, na hatukati kitu mpaka useme ndiyo. Kitakachobaki tunakurudishia kwenye mfuko uleule.