Mama Glory, kumbe nina kazi

Kibosho, Jumapili jioni

Mama Glory shoga yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeninunia, tangu Pasaka sijakuandikia. Huku wazima, ila barabara ya kushukia mjini ni tope tupu. Sasa kaa nikupe kisa.

Alhamisi alikuja binti wa takwimu na kishikwambi chake. Hajakaa vizuri nikamwambia andika sina kazi, tangu Januari ile hoteli ilipotupunguza. Akatabasamu, akasoma swali: siku 7 zilizopita, umefanya shughuli yoyote ya kukuingizia kipato, hata kwa saa 1 tu? Nami na huu mdomo wangu, nikasema Jumamosi nilimsuka Happy kwa elfu tano twende kilioni, na elfu mbili hajanipa mpaka leo. Akabonyeza. Nina kazi! Saa 1, Mama Glory!

Wifi Anna akaacha kuanika nguo, akasema basi niandike mimi. Akaulizwa kama wiki 4 zilizopita ametafuta kazi. Atafute wapi tena, na zile barua za mwaka jana hata moja haikujibiwa? Binti akatueleza: kipimo cha kimataifa kinataka uwe unatafuta, lakini cha kwetu Tanzania kinamhesabu hata aliyeacha, mradi awe tayari kuanza. Nikafurahi, angalau mmoja wetu atakipata hicho cheo. "Ukipata kazi wiki hii, utaanza?" Anna akageuza shingo kumwangalia mtoto mgongoni. "Na huyu nimwachie nani?" Ikawa imeisha. Nje ya nguvukazi, yaani hayumo kwa wenye ajira wala kwa wasio na ajira.

Mama mkwe ndiyo usiseme. Majani ya ng'ombe anakata tangu alfajiri, migomba yote ni yake, na maziwa na ndizi vinaishia humu humu ndani. Kumbe wataalamu walikaa Geneva mwaka 2013 wakakubaliana kwamba kulima na kufuga kwa ajili ya kula nyumbani ni kazi, ila si ajira; naye kazi nyingine hataki, akawekwa nje kama Anna. Mama akasema hao wa Geneva waje saa kumi na moja asubuhi wamsaidie kubeba.

Yule binti simlaumu, hata aliniuliza kama ningependa saa zaidi za kazi. Nikamwambia hata kumi kwa siku. Ila nimelala nalo, shoga. Wanawake watatu, nyumba moja, hakuna mwenye mshahara, na hakuna hata mmoja aliyehesabiwa hana kazi. Halafu wakitafuta asilimia ya wasio na ajira, wanaigawa idadi yao kwa nguvukazi, si kwa watu wote. Kwa hiyo asiye na ajira akihamishiwa nje kama Anna, asilimia inashuka! Mtu akiisoma redioni tutasema mambo yanakwenda vizuri.

Mume wangu anasema ningenyamaza tu kuhusu Happy. Nidanganye serikali kwa ajili ya elfu tano? Tena tatu.

Hebu niambie, wewe na genge lako la Ngarenaro walikuandikaje? Na ule msimu wa watalii, yule dada wa kufulia mashuka bado anatafuta watu, au Mama Kiduku amewahi kupeleka wa kwake? Nikija Arusha nitalala kwako au bado una wageni? Glory kaota meno?

Nijibu kabla ya Ijumaa, Happy anataka nimfumue.

Wako,
Mama Brayo